Kijani, kijani-njano au waya mtupu: upi wa ardhi, upi wa bondingi

Waya wa ardhi na waya wa bondingi hutambulishwa kwa njia nne. Kuna ganda la kijani tupu kutoka kiwandani, kuna ganda la kijani lenye njano, kuna waya mtupu usio na ganda, na kuna waya wa rangi nyingine uliozungushiwa tepu au kuvishwa slivu (mrija laini wa plastiki) pale unapoishia. Kila njia ni halali mahali fulani na ni kosa mahali pengine. Anayenunua waya mpya, na hana mchoro wa kazi unaomwelekeza vingine, achukue kijani-njano wa kiwandani. Ndio unaopita chini ya kanuni za IEC (tume ya kimataifa ya viwango vya umeme) na pia chini ya NEC (kanuni za umeme) ya Marekani, ilhali kijani tupu unapita upande mmoja tu. Lakini ushauri huo una mipaka yake, na mipaka hiyo ndiyo inayowachanganya mafundi.

Tambua kazi ya waya kabla ya rangi

Makosa mengi ya rangi huanza kwa kuziita nyaya zote "ethi". Waya wa kinga hutoka kwenye mwili wa chuma wa kifaa hadi baa ya ardhi (kipande cha chuma kinachokusanya nyaya za ardhi) ndani ya bodi. Kazi yake ni kubeba mkondo wa hitilafu mpaka breka ikate. Waya wa elektrodi hutoka kwenye baa kuu na kwenda kwenye fito iliyozikwa. Waya wa bondingi hufunga pamoja vyuma ambavyo si vya umeme, kama bomba la maji, bomba la gesi na nguzo za jengo, ili mtu akishika viwili kwa wakati mmoja asikute tofauti ya volteji kati yake. Halafu kuna waya wa ardhi ya utendaji, ambao upo kwa ajili ya ishara na kupunguza kelele kwenye vifaa vya elektroniki. Huo haupo kulinda mtu.

Kanuni hazizitendei nyaya hizi sawa:

| Jambo | Familia ya IEC (IEC 60445, BS 7671 ya Uingereza na jamaa zake) | NEC ya Marekani |
|---|---|---|
| Waya wa kinga wenye ganda | Kijani-njano tu | Kijani, au kijani chenye mstari mmoja au zaidi wa njano |
| Waya wa kinga mtupu | Unaruhusiwa, wenye alama ya kijani-njano panapofikika | Unaruhusiwa bila alama |
| Waya wa elektrodi | Kijani-njano | Hakuna rangi iliyoagizwa |
| Waya wa bondingi | Kijani-njano | Kwa ujumla hakuna rangi iliyoagizwa. Desturi ni kijani au mtupu |
| Nyutro | Buluu (Australia na New Zealand pia nyeusi) | Nyeupe au kijivu |

Kijani-njano dhidi ya kijani tupu

Chukua kipande cha waya wa kijani-njano chenye urefu wa milimita 15, uzungushe taratibu chini ya taa. IEC 60445 inataka kwenye kila kipande cha urefu huo rangi moja ifunike si chini ya asilimia 30 wala si zaidi ya asilimia 70 ya uso, na rangi ya pili ifunike kilichobaki. Maana yake ni kwamba hata ukiona ncha fupi tu iliyojitokeza ndani ya kisanduku cha soketi, utaona rangi zote mbili. Kama ncha inaonyesha rangi moja pande zote, ama huo si waya wa kiwango hicho, ama umechafuka, ama umebabuka kwa joto.

Rangi mbili zina faida nyingine kubwa. Wapo watu wengi, hasa wanaume, wasiotofautisha vizuri nyekundu na kijani. Kwa mtu wa namna hiyo, kijani tupu na nyekundu au kahawia kwenye mwanga hafifu vinaweza kufanana kabisa. Michirizi ya njano kando ya kijani anaiona kwa sababu inatofautiana kwa weupe na weusi, si kwa rangi peke yake. Kwangu sababu hii peke yake inatosha kumaliza mjadala kwenye kazi yoyote mpya.

Tatizo la pili la kijani tupu ni kwamba duniani rangi hiyo ina kazi zaidi ya moja. China hutumia njano, kijani na nyekundu kwa fezi tatu, na kinga ni kijani-njano. Kwa hiyo ndani ya paneli iliyotengenezwa huko, waya wa kijani tupu unaweza kuwa fezi ya pili yenye volteji kamili. Uholanzi, mpaka karibu 1970, kijani kilikuwa fezi. Njano tupu nayo ni fezi katika mfumo wa zamani wa Uingereza wa nyekundu, njano na buluu, ambao bado unaishi katika nchi kadhaa zilizourithi. Ndiyo maana IEC inaruhusu rangi hizi mbili kwa kinga zikiwa pamoja tu, na haipendi kijani peke yake au njano peke yake pale zinapoweza kuchanganya.

Upande wa Marekani, kifungu cha 250.119 cha NEC kinakubali zote mbili, na kinakataza kabisa waya wa kijani au kijani-njano kutumika kama fezi au nyutro. Kuna misamaha michache, kama saketi za nguvu ndogo chini ya volti 50 na nyaya zinazopeleka ishara kwenye taa za kuongozea magari. Fundi anayefungua kidhibiti-joto cha kiyoyozi na kukuta waya wa kijani ukiendesha feni asishangae, wala asiufunge kwenye ardhi.

Faida iliyobaki kwa kijani tupu huko Marekani ni ya kimpangilio. Penye soketi zenye ardhi iliyotengwa, zile zenye pembetatu ya chungwa usoni, kisanduku kimoja kinakuwa na nyaya mbili za ardhi: ya kawaida na iliyotengwa. Mafundi wengi hutumia kijani tupu kwa ile ya kawaida na kijani chenye mstari wa njano kwa iliyotengwa. NEC haiwalazimishi, ila ni utaratibu mzuri. Ukiukuta kwenye jengo uufuate, kwa sababu ukiziunganisha nyaya hizo mbili kisandukuni umeondoa kile kilichotengwa.

Tahadhari moja unapovusha waya kutoka mfumo mmoja hadi mwingine: rangi kukubalika hakumaanishi waya wenyewe umekubalika. Ganda lazima liwe la aina iliyoidhinishwa mahali unapofanya kazi, na saizi za AWG (kipimo cha Marekani, ambacho namba ikipungua waya unanenepa) hazilingani sawasawa na za milimita za mraba. Namba 6 AWG ni kama milimita za mraba 13.3, na namba 4 ni kama 21.2.

Waya mtupu

Shaba tupu si waya wa ovyo. Kebo bapa za nyumbani za Uingereza zina waya wa kinga mtupu katikati ya nyaya mbili zenye ganda, na kebo za NM-B za Marekani ni hivyo hivyo. Ndani ya kebo ala ya nje inaulinda. Shida inaanza pale unapochuna ala hiyo.

Hapa mifumo miwili inaachana. BS 7671 inataka waya wa kinga wa hadi milimita za mraba 6 uvishwe slivu ya kuhami kuanzia pale ala ilipoondolewa mpaka kwenye terminali, na slivu hiyo ni ya kijani-njano. NEC haidai slivu. Waya mtupu ndani ya kisanduku cha Marekani unakaa karibu na skrubu za soketi zenye umeme, na soketi inaposukumwa ndani waya unaweza kujipinda na kugusa skrubu ya fezi. Breka ikiruka mara tu umeme unaporudishwa, anza kutafuta hapo. Kinga yake ni kukunja nyaya tupu kwanza hadi nyuma kabisa ya kisanduku, kuacha mkia mmoja tu kwa ajili ya soketi, kisha ndipo nyaya nyingine zifuate.

Kwa baa na nyaya tupu za kinga kwenye paneli kubwa, IEC inataka michirizi ya kijani na njano yenye upana sawa, kila mmoja kati ya milimita 15 na 100, iliyokaribiana, ama kwa urefu wote ama katika kila chumba cha paneli na kila mahali panapofikika. Ukitumia tepu, iwe tepu yenye rangi mbili. Vipande vya tepu ya kijani peke yake havitoshelezi.

Kuna mahali waya mtupu hautakiwi hata chini ya NEC. Sehemu za kuhudumia wagonjwa hospitalini zinataka shaba yenye ganda la kijani. Kwenye mabanda ya mifugo, waya wa kinga unaopita chini ya ardhi lazima uwe wa shaba na uwe umefunikwa, kwa sababu kinyesi na unyevu hula chuma haraka. Alumini tupu isiguse saruji wala udongo. Inalika ikiwa haijaonekana, na siku ya hitilafu njia ya mkondo haipo tena.

Tepu na slivu: lini zinaruhusiwa

NEC inaweka mstari kwenye saizi. Waya wa kinga wenye ganda wa namba 6 AWG au mdogo zaidi lazima uwe wa kijani kwa urefu wake wote. Kuanzia namba 4 AWG unaweza kutumia waya mweusi na kuutambulisha kwenye kila mwisho na kila mahali panapofikika.

Ukiuweka mstari huo kando ya jedwali la saizi, 250.122, jambo linakuwa wazi zaidi. Saketi ya ampea 20 inataka shaba ya namba 12. Ampea 60 namba 10. Ampea 100 namba 8. Ampea 200 namba 6. Na ampea 300 namba 4. Kwa hiyo mpaka ampea 200, waya wa kinga wa saizi ndogo kabisa inayoruhusiwa unaangukia upande wa lazima wa kijani. Tepu inaanza kuwa na maana kwenye saketi za ampea 300 kwenda juu, au pale waya ulipoongezwa unene kwa sababu ya umbali. Fundi anayebeba roli ya waya mweusi wa namba 10 na roli ya tepu ya kijani akidhani amejipunguzia mzigo atakataliwa kazi kwenye ukaguzi, na ni haki.

NEC inatoa njia tatu za kutambulisha waya mnene: kuchuna ganda lote kwenye sehemu inayoonekana, kulipaka kijani sehemu hiyo, au kuizungushia tepu au lebo ya kijani. Tepu ndiyo ya kawaida, na inaharibika kwa sababu zinazojulikana. Ganda la waya uliovutwa ndani ya bomba hubaki na mafuta ya kuvutia; usipolifuta kwa kitambaa kikavu, gundi haishiki. Tepu iliyobandikwa kama kibandiko upande mmoja haikubaliki. Lazima izunguke waya wote. Vuta tepu kidogo unapozungusha, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, kisha mzunguko wa mwisho uuache bila kuvuta ili ncha isijifungue. Anzia karibu na lagi (kichwa cha chuma kinachobanwa mwishoni mwa waya) lakini juu ya ganda, usifunike shaba wala lagi. Na usisahau kisanduku cha katikati: hapo ndipo fundi wa kesho atakapofungua na kukuta waya mweusi mnene usio na alama.

Upande wa IEC jambo linategemea zaidi kama waya uko peke yake au ni kiini ndani ya kebo. Kwenye kebo ya kivita (iliyozungushiwa nyaya za chuma) yenye viini vya kahawia, nyeusi na kijivu, BS 7671 inakubali kimoja kitumike kama kinga kikivishwa slivu ya kijani-njano kwenye miisho. Kinyume chake hakikubaliki: waya wa kiini kimoja wenye kijani-njano kwa urefu wote hauruhusiwi kufungwa tepu ya kahawia au buluu ukageuzwa fezi au nyutro. Kosa hili linaonekana sana kwenye swichi za taa, pale mtu alipopungukiwa waya akatumia wa ardhi kurudisha fezi kwenye taa. Taa inawaka vizuri kwa miaka. Kisha anakuja mtu kubadilisha taa ya plastiki kwa ya chuma, anaona kijani-njano, anaufunga kwenye mwili wa taa kama alivyofundishwa. Swichi ikiwashwa mwili wa taa unapata volteji kamili, na kwa kuwa hakuna njia ya kurudi ardhini breka haina sababu ya kukata mpaka mtu aguse.

Njia bora kuliko slivu zote ni kununua kebo sahihi tangu mwanzo. Kwenye kebo zenye majina ya Ulaya, kama H05VV-F, soma herufi iliyo kati ya idadi ya viini na saizi. 3G1.5 ni viini vitatu vya milimita za mraba 1.5, kimoja kikiwa kijani-njano. 3X1.5 ni viini vitatu bila kijani-njano. Kwa kifaa chenye mwili wa chuma chagua G. Kwa swichi ya njia mbili, ambapo viini vyote vitabeba umeme, X inakuondolea kishawishi cha kutumia waya wa ardhi kwa kazi isiyo yake. Kuagiza G au X kwa usahihi kunachukua sekunde chache dukani, na kunazuia makosa mengi ambayo slivu hujaribu kuyarekebisha baadaye.

Elektrodi na bondingi

Chini ya IEC chaguo ni rahisi: waya wa bondingi wenye ganda ni kijani-njano. Saizi ya bondingi kuu ni angalau nusu ya waya mkuu wa ardhi, isipungue milimita za mraba 6 za shaba, na hailazimiki kuzidi 25. BS 7671 inaongeza lebo ya kudumu isemayo kwamba huo ni muunganisho wa usalama na usiondolewe, pale waya unapofungwa kwenye bomba na pale unapofungwa kwenye elektrodi. Lebo hiyo ina thamani kuliko inavyodhaniwa. Anayelegeza klipu ya bondingi mara nyingi si fundi umeme. Ni fundi bomba ambaye rangi za nyaya hazimhusu.

Chini ya NEC waya wa elektrodi haukupewa rangi, ndiyo maana unakuta mtupu, mweusi au kijani na yote ni halali. Mimi ningechagua shaba tupu kwa sehemu iliyo nje na chini ya udongo, maana kutu na mikato inaonekana, na kijani panapopita ndani karibu na nyaya nyingine. Bwawa la kuogelea linataka bondingi ya shaba isiyo ya nyuzi, namba 8 AWG au nene zaidi, na ganda ni hiari. Kitu kimoja kwenye bodi kuu ya Marekani kina rangi ya lazima: skrubu inayounganisha nyutro na mwili wa bodi, ikitumika skrubu, lazima iwe na rangi ya kijani inayoonekana ikiwa imefungwa. Ukiiona kwenye bodi ndogo inayolishwa na ile kuu, kuna kosa, kwa sababu mkondo wa nyutro unarudi kupitia vyuma vya jengo.

PEN na ardhi ya utendaji

Waya unaofanya kazi mbili, kinga na nyutro kwa pamoja, huitwa PEN. IEC inatoa chaguo mbili: kijani-njano kwa urefu wote na alama za buluu kwenye miisho, au buluu kwa urefu wote na alama za kijani-njano kwenye miisho. Chagua moja kwa mfumo mzima. Ukikuta kijani-njano chenye pete ya buluu usikikate kwa kudhani ni ardhi tu. Kinabeba mkondo wa kila siku, na kikikatika miili ya vifaa inaweza kupanda volteji.

Ardhi ya utendaji sasa ina pinki katika IEC 60445. Usiipe kijani-njano. Mtu ataiamini kama kinga, au mtu wa ishara ataifungua akitafuta kelele na kumwacha mwingine bila ulinzi.

Ndani ya mashine

Kanuni za umeme wa mashine, IEC 60204-1 na NFPA 79 ya Marekani, zinakaribiana sana: ya kwanza inataka kijani-njano, ya pili inakubali kijani chenye njano au kisicho nayo. Mashine itakayouzwa pande zote mbili ifungwe kijani-njano. IEC 60204-1 inasamehe rangi ya urefu wote pale umbo linapojieleza, kama mkanda wa shaba uliosukwa unaounganisha mlango wa paneli, mradi miisho iwe na alama ya ardhi ndani ya duara, herufi PE au rangi mbili.

Majengo ya zamani

Ujerumani, mpaka katikati ya miaka ya 1960, waya wa kinga ulikuwa mwekundu. Uholanzi ulikuwa wa kijivu, na nyutro nyekundu. Uingereza ilitumia kijani tupu mpaka miaka ya 1970. Anayeingia kwenye jengo la namna hiyo na kuunganisha nyekundu kwa fezi, kama alivyozoea, anaweka umeme kwenye mwili wa kila kifaa cha saketi hiyo.

Hapo usichague kwa macho. Kata umeme na ufunge swichi kuu, kisha hakikisha saketi imekufa kwa kipimo ulichokijaribu kwenye chanzo hai kabla na baada. Tenganisha waya unaoshuku kwenye bodi, na upime ukinzani kati yake na mwili wa kifaa kwa kipimo cha ohm ndogo chenye mkondo wa angalau miliampea 200, ukiondoa kwanza ukinzani wa nyaya za kipimo. Shaba ya milimita za mraba 1.5 ina kama miliohm 12.1 kwa mita, 2.5 ina 7.4, na 4 ina 4.6. Waya wa 2.5 wenye mita 20 uonyeshe karibu ohm 0.15. Ukipata tarakimu kubwa mara kadhaa, au inayoyumba ukiutikisa waya, tafuta kiungo kilicholegea kabla ya kuvisha slivu ya kijani-njano. Ukikuta waya mmoja una rangi ya zamani upande huu na slivu mpya upande ule, vua slivu hiyo, upime upya, kisha uweke alama kwenye miisho yote miwili kwa siku moja.